Sura ya Nane

Mimi ni wakala wa forodha, Kurasini,
ghorofa ya pili, juu ya duka la maturubai.
Kazi yangu ni kuvipa vitu namba.
Misumari ina namba. Nywele za bandia zina namba.
Punda akisafiri, naye ana namba yake.

Korosho yenye ganda iko sura ya nane.
Ukiibangua, sura ni ileile, namba inasogea kidogo.
Ukiikaanga, ukaitia chumvi,
haimo tena: imehamia sura ya ishirini,
na kule inakokwenda ushuru umepanda nayo,
kama mwenye nyumba anayepandisha kodi
akiona umepaka ukuta rangi kwa pesa yako.

Ikibisha hodi na ganda lake: karibu, pita, hata viatu usivue.
Ikija imebanguliwa: ngojea hapo barazani.
Ikija imekaangwa, imo pakitini, ina jina la Mbagala kifuani:
wenyewe hawapo.

Chilumba, tunayekaa naye meza moja, husema
usiutukane ukuta wa jirani, hata sisi tunao.
Kweli. Vitabu vyote viwili nimevisoma.
Ila wetu una matundu,
na ufunguo wa geti tuliukabidhi wenyewe
mwaka ule wa mkopo, tukapigiwa makofi.

Mama yangu, Bi Somoe, alibangua korosho miaka kumi na tisa,
kiwandani Mbagala, zamu ya alfajiri.
Ganda la korosho lina mafuta yanayokula ngozi.
Walijipaka majivu, walijipaka mafuta ya nyonyo,
yakala tu.
Jioni alinishika shavu kwa mgongo wa mkono
asije akanikwaruza.
Nilidhani mama wote hushika hivyo.

Kiwanda kilifungwa siku ya Jumatano.
Meneja akasema bei, akasema soko, akasema ushindani.
Sura ya nane hakuna aliyemtajia mama.
Wala korosho hazikukoma: ziliendelea kupita mbele ya geti,
magunia juu ya malori, na maganda yake,
kwenda kutafuta vidole vya mama wa mtu mwingine.
Mashine ziliuzwa chuma chakavu.
Bohari siku hizi ni ukumbi wa harusi,
na ukicheza sana, wanasema, sakafu bado inateleza.

Mwaka juzi tulikwenda kusajili laini ya simu,
chini ya mwavuli, Rangi Tatu.
Kijana mmoja, Frumence, mpole, akasema: mama, weka kidole gumba.
Akaweka.
Futa jasho. Weka tena. Weka cha pili.
Vyote kumi, kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza hesabu.
Kioo kikawaka chekundu.
"Mama, samahani. Mashine inasema hapa hakuna mtu."
Mama akacheka. Akavitazama vidole vyake,
laini kama kitako cha bakuli.
"Iambie nilivisahau kazini."

Laini ikasajiliwa kwa jina langu.
Hata leo akitumiwa pesa, anaitwa mimi.

Asubuhi hii limeingia kontena:
korosho za kukaanga, makopo yenye kifuniko cha dhahabu,
mzigo wa duka moja la Masaki.
Sura ya ishirini, bila ubishi.
Fomu inauliza: nchi ya asili?
Kanuni inajibu yenyewe: asili ni pale kitu
kilipobadilishwa umbo mara ya mwisho.
Si mkorosho. Si mvua ya Newala.
Nikakaa kidogo. Chilumba akaniuliza kama nimeishiwa wino,
wakati siku hizi hatutumii wino.

Nikaandika jina la nchi ile.

Mfumo ukataka uthibitisho wa wakala.
Nikaweka kidole gumba kwenye kioo,
kikanitambua papo hapo.