Daftari la Misaada, Dundee

Nyambizi tatu za Wanorwe zilitia nanga mtoni Tay
wiki ile maji yalipoganda ndani ya bomba.
Bi Netta Lorimer akanipa daftari na penseli yenye uzi:
"Pita mlango kwa mlango. Waambie ni wenzetu,
kwao kumetekwa, soksi zao hazikauki.
Pesa usiombe. Omba sufu, sabuni, blanketi,
na uulize nani ana beseni la kuogea."

Nikapanda ngazi za mawe nikitoka zamu,
nywele zikinuka juti na mafuta ya mashine.
Ghorofa ya kwanza: soksi jozi mbili, moja ya marehemu.
Ya pili: nusu mche wa sabuni, na tusi juu yake.
"Bahari imenichukulia wawili. Nani alinipitishia daftari?"
Sabuni nikaiandika. Tusi nikalimeza.

Juu kabisa, chini ya paa linalovuja,
Wattie Cargill, mwinda nyangumi wa zamani,
alifungua mlango kajitanda blanketi lake la pekee.
"Hili silitoi," akasema. "Nina maneno."
"Maneno gani?"
"Ya Kinorwe. Thelathini. Huyahesabu nikikosa usingizi."

Penseli ikasita.
Safu zilikuwa tatu: jina, kitu, idadi.
Nikaandika: *Cargill. Maneno. 30.*

Bi Netta akayakata kwa mstari mmoja.

Jumamosi alikuja ukumbini hata hivyo,
amenyoa, kidevu kina damu.
Mabaharia walikaa kimya na vikombe vyao,
vijana wenye macho ya watu wa makamo.
Akasimama, akayatoa yote kwa mkupuo:
chusa, barafu, vuta, mafuta, vuta mpumbavu wewe,
mama yako alizaa chewa.

Kimya.
Kisha mmoja akacheka hata akashika ukuta,
babu yake, alieleza kwa mikono,
alimwamsha hivyo hivyo kila alfajiri.

Walipokuwa wakiondoka, yule kijana
alimshika mzee bega, akasema neno moja, fupi.
Wattie akageuka kwangu:
"Hilo silijui. Melini hatukuwa nalo."
Bi Netta, aliyekuwa akikusanya vikombe,
akasema pasipo kuinua uso: "Amekushukuru."

Usiku ule nililifungua daftari.
Chini ya ule mstari kulikuwa na mwandiko usio wangu,
mdogo, umenyooka:
*Cargill. Maneno. 31.*