Wino wa Magunia

Kazi yangu ni brashi na bati lililotobolewa herufi.
Msimu wa korosho nasimama ghala namba tatu, Mtwara,
nalaza bati juu ya gunia, napaka, nainua:
VIETNAMU. INDIA. VIETNAMU.
Kilo themanini kila moja, na nchi nzima
inakauka kwa dakika mbili.

Somoe, anayeshona midomo ya magunia,
hapendi majina ya bati.
"Hayo ya serikali," anasema. "Nipe ya mtaani."
Basi nampa.

Ulaya, namwambia, ilikuwa wilaya tu,
neno la Kiarabu lililopanda chombo likiwa zima
likashuka limekatika.
Ureno ni kutosikilizana:
wageni walitaja ufalme wao kwa lugha yao,
wenyeji wakadaka mkia wa neno, wakadhani ni nchi.
Sauzi ni Bondeni, maana ukiitundika ramani ukutani
yenyewe ndiyo inayochuruzikia chini.
Na Marekani? Unyamwezini.
Somoe anacheka hadi sindano inamponyoka:
nani aliyeing'oa Tabora akaivusha bahari?
Sijui. Majina mengine hayana baba,
yamelelewa na vijiwe.

Yetu, Bongo, wote twaijua:
bila akili hapa hulali umeshiba.
Ni sifa au ni tusi? Inategemea tarehe.
Tarehe mbili ni sifa.
Tarehe ishirini na saba, tusiulizane.

Mwaka ule wa bomba la gesi tuliambiana tutakuwa Dubai.
Mpaka leo kuna kibanda Magomeni
kimeandikwa DUBAI kwa chokaa,
na mihogo yake, kusema kweli, ni mizuri.

Mama alivuka Ruvuma na mimi mgongoni.
Ng'ambo alikuwa Mmakonde, basi.
Huku wakamwita Mmawia,
wakafafanua: maana yake mtu mkali.
Hakuwa mkali. Alikuwa na njaa.
Lakini jina likishakauka halisikii maji;
mwishowe akajifunza kukunja uso
asije akawaaibisha waliompa.

Dadi, mdogo wangu, alikwenda Bondeni.
Alipiga simu mara moja:
"Dada, huku nasi tuna jina.
Ni mlio tu, kama ndege wanaogombea punje.
Ndivyo wanavyotusikia tukiongea."
Nikamuuliza lina maana gani.
Akasema, "Maana yake funga duka mapema."

Somoe hacheki tena. Anavuta uzi, anaukata kwa meno.
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Na yule mwanamke wa huko Vietnamu,
atakayefumua mshono wangu huu abangue,
kwetu huku anapaitaje?"

Sina.
Namwona tu vidole, vimebabuka kwa mafuta ya ganda
kama vya shangazi yangu Newala.
Huenda hana jina la kutupa.
Huenda anasema, "Zimefika za wale,"
na jirani yake wa benchi anaelewa ni akina nani.

Bati limeteleza. Gunia linasomeka NAMU peke yake,
nchi isiyokuwapo.
Karani anapiga kelele toka mlangoni, lori linasubiri.
Nachukua tambara.
Tulia, namwambia, bado bichi.
Bado linafutika.