Chumba cha Nne

Mjumbe kapita na karatasi yenye muhuri.
"Bi Nachihinga, serikali imesema
kodi ni mwezi kwa mwezi. Kudai mwaka mzima, marufuku."
Nikamwambia iweke hapo, juu ya debe la ming'oko,
nitaisoma nikipata miwani.

Miwani ninayo. Iko kichwani.

Nyumba hii ina vyumba sita, choo kimoja.
Marehemu aliijenga kwa korosho za misimu mitatu;
msimu wa nne ubwiri ukala maua yote,
ndiyo maana chumba cha nne hakina dari.

Mwaka ule wa gesi walikuja watu wa mabomba,
wakalipa bila kuuliza bei.
Nikamtoa mwalimu Chilumba,
miaka saba hajachelewesha hata shilingi.
Nikamdanganya kwamba mwanangu anarudi kutoka Masasi.
Mwanangu yuko Masasi mpaka leo.
Mwalimu akahamia Naliendele, akanunua baiskeli,
na kila akinipita barazani
ananiamkia vilevile.

Mabomba yakalala ardhini, wenyewe wakaondoka.
Popo wakapanga bure.

Sasa Chikongola imejaa tena.
Dalali Likwata ananipigia mara nne kwa siku:
bibi, kuna muuguzi wa Ligula, analala wodini kama mgonjwa.
Jana kaja naye. Tulalumba, mtoto wa Njombe,
barua ya uhamisho mkononi, mshahara bado uko njiani.
"Mwaka sina, bibi. Nina mwezi mmoja,
na humo humo dalali anataka chake."
Akachungulia chumba cha nne,
akaona mbingu kwenye tundu la bati.
"Hata hiki."

Nikapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi:
bati kumi na mbili, geji thelathini,
misumari, fundi, na njaa ya fundi.
Kodi ya mwezi mmoja hainunui hata ukingo.
Aliyegonga muhuri hakutaja bati,
wala hajaja huku kusimamisha tofali juu ya tofali.
Katujengea sentensi.
Sentensi haizuii mvua.

Usiku sikulala. Si kwa ajili ya serikali.
Nilisikia kengele ya baiskeli, na haikuwepo.

Asubuhi nikavaa miwani, nikafungua daftari.
Nimeandika: Tulalumba. Mwezi mmoja.
Pa bati nimeacha mstari mtupu.
Nimempa ufunguo,
na beseni.