Daftari la Madume

Baba hakujua kusoma barua, lakini alijua kusoma punda.
Alishika sikio, akalikunja, akaliachia,
akahesabu lilivyochelewa kusimama.
Akapima shubiri toka kwato hadi bega,
akanusa pumzi, akasema, "Huyu wa Saruji,"
na kweli alikuwa wa Saruji,
mjukuu aliyezaliwa Mpamantwa
kwa watu tusiowajua hata salamu.

Daftari nililinunua mimi,
kaunta buku jekundu, dukani karibu na stesheni ya Kigwe.
Yeye akitamka, mimi nikiandika:

Karani, wa kwanza, alishuka toka Usandawe na mizinga miwili ya asali.
Karani akamzaa Posta.
Posta akamzaa Tumbaku, na Deni
(aliuzwa kulipa deni, ndipo akapata jina).
Tumbaku akamzaa Saruji, rangi ya mfuko uliopasuka.
Saruji akamzaa Chelewa,
aliyekaa tumboni miezi kumi na minne
akatoka na msalaba mgongoni, mweusi, umenyooka
kama uliochorwa kwa rula.

Majike yaliletwa toka Chali, toka Ibihwa,
moja lilitembea siku tatu toka upande wa Manyoni.
Ujira: debe mbili za uwele,
na ahadi kwamba dume la kwanza likizaliwa
lirudishwe hapa, baba alitazame.
Mengine aliyatazama, akatikisa kichwa:
"Hasi huyo. Abebe maji tu."

Mwaka wa ngozi akaja kijana wa buti safi
na mizani ya kuning'iniza.
Hakuuliza ukoo. Aliuliza kilo.
Baba akaingia ndani, akatoka na daftari,
akalishika miguu juu kichwa chini
na kukariri vizazi vitano bila kuteleza.
Kijana akatazama saa.
Wiki hiyo kwa Mhawi waliamka wakakuta nyama imelala zizini,
punda wanne, hakuna hata kipande cha ngozi.
Sisi tukahamia zizini, baba na rungu, mimi na tochi,
Chelewa akitupumulia shingoni
usiku kucha, pumzi ya mabua.

Baba tulimzika mwezi wa upepo.
Daftari likabaki kwangu, na Chelewa, na madeni ya uwele.

Juzi amekuja mwanamke wa Chipanga, Matika,
na jike lake jeusi, kamba mpya.
Nikamsomea ukoo kwa sauti ya kazi.
Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:
"Na mama zao?"

Nikafunua nyuma. Nikafunua mbele.
Kurasa thelathini na moja, dume anamzaa dume,
kama mvua inayonyesha bila wingu.

Mama alikuwa anapepeta. Hakusimamisha ungo.
"Posta ni wa Kilema, jike la sikio moja,
tulimwokota relini, hana mwenyewe, ana vidonda.
Huyo ndiye aliyenibebea maji mwaka nilipokubeba wewe.
Tumbaku ni wa Mwali, alikuwa mwoga wa daraja.
Wa Saruji..."
Ungo ukapanda, ukashuka, makapi yakaondoka.
"Wa Saruji simkumbuki. Alikuwa mpole mno."

Nimepiga mstari pembeni mwa kila ukurasa.
Nafasi ni nyembamba, naandika kwa penseli,
herufi zinapanda juu ya herufi za baba.
Pale kwa Saruji nimeacha wazi
upana wa kidole.

Alfajiri ya leo jike letu limezaa.
Mtoto ni jike.
Baba asingeomba kalamu.
Anatetemeka juu ya miguu mirefu kuliko akili yake,
kondo bado limemning'inia mama,
vumbi limeshamshika ubavuni.
Nimelikunja sikio lake, bado bichi,
nikaliachia.

Halijasimama.
Nahesabu.