Peasi

Maabara ya chuo, ghorofa ya tatu, Quanzhou.
Nimemkalisha bibi yangu mbele ya skrini,
kidole cha shahada juu ya kitufe.
Kwenye kitambulisho yeye ni Shuyin; jikoni kwetu, Siok-im.
Alama zilezile mbili, vinywa viwili.

"Neno likitokea, bibi, kama ni tunda, bonyeza.
Usilisome kwa sauti."
"Nani kakwambia nasoma kwa sauti?"
Midomo yake, lakini, inachezacheza.

Walimu wangu hawaelewani.
Wapo wasemao jicho huruka hadi kwenye maana
bila kubisha hodi sikioni.
Wapo wasemao sauti hutangulia,
kama harufu ya kitunguu kabla ya sahani.
Mimi nina saa ya kupimia,
na tasnifu inayodaiwa Juni.

Likatokea peasi.
Chini, mti. Juu ya mti, bua la nafaka na kisu.
Mti unakudokezea ni kitu cha namna gani;
bua na kisu, wamewekwa hapo washike sauti tu,
ingawa kisu ni kisu, na jicho hukiona.
Kwa lugha ya shule sauti hiyo ndiyo ya kuachana,
ndiyo maana mke na mume hawagawani peasi moja.
Nilimwekea makusudi, kama mtego wa panya.
Nikangoja asite.

Hakusita. Alicheka,
akabonyeza upesi kuliko wanafunzi wangu wote.

"Babu yako," akasema, "alipokuwa akichimba makaa kule Datong
aliniletea kadi. Hakuna salamu, hakuna tarehe.
Peasi. Basi.
Karani wa posta, mtu wa kuja, akanionea huruma:
dada, huyu bwana anakuacha.
Nikamwambia, wewe unasoma kwa mdomo wa kwenu.
Huku kwetu *peasi* na *njoo* ni sauti moja.
Siku nne garimoshini, nimekalia gunia la karanga.
Nilimkuta mweusi kama sufuria, hata meno."

Nikaandika: milisekunde mia nne na kumi na mbili.
Jibu, sahihi.
Safu ya mwisho, ile ya *njia iliyopitiwa*,
nikashika kalamu, nikaiachia.

Alikuwa tayari anavaa koti.
"Na hii mashine yako," akauliza,
"imesikia chochote?"