Swali la Tisa

Ofisi iko juu ya duka la vipuri, Mwembe Tayari.
Ngazi inanuka grisi mpaka mlangoni,
na mlangoni kibao: MSAADA WA SHERIA, BURE.
Herufi moja imebanduka. Sasa ni BU E,
na watu wanapanda vivyo hivyo.

Jumatatu ya kwanza nilivaa koti la kuazima,
mikono yake imenimeza viganja.
Wakili Mwachofi hakunihutubia.
Alinipa stepla, faili arobaini na tatu,
kiti chenye mguu uliogangwa kwa kamba,
akasema: Vifungu umevisoma chuoni. Hapa utasoma watu.
Na jina liandike linavyotamkwa na mwenyewe,
maana herufi moja humrudisha mtu
kwenye nchi asiyoijua.
Juu yetu pangaboi lilizunguka polepole,
likitikisa kichwa.

Wa kwanza kuketi alikuwa Havyarimana, muuza njugu.
Sinia aliliegemeza ukutani
kama mtoto aliyeambiwa angoje.
Kiswahili chake kilikuwa na vilima ndani,
changu tambarare, cha Kibokoni.
Tukakutana katikati.
Jina? Nikaandika. Akalisoma, akalirudisha.
H nimeisahau. Bila H, akasema, huyo ni mtu mwingine,
na shida za mtu mmoja zinanitosha.

Tukaenda. La tatu, la sita, la nane.
La tisa likatoka kwa mdomo wangu:
Babu yako mzaa baba alizikwa wapi?

Nikaitambua sauti.
Nilikuwa na miaka kumi na minane,
Uhuru na Kazi, foleni ya kipande,
na mtu wa kamati nyuma ya meza
akilitazama buibui langu kama bahasha isiyo na stempu.
Babu yako kazikwa wapi?
Kikowani, nikasema.
Una ushahidi?
Kana kwamba kaburi hutiwa kwenye mfuko wa plastiki
likapandishwa ghorofani.
Miezi kumi na minne nilingoja kuambiwa
kwamba mji niliozaliwa ni wangu.
Uhakiki, waliuita.
Nililivunjavunja neno lile njia nzima hadi nyumbani:
haki imo, katikati,
imebanwa mbele na nyuma.

Na leo kalamu iko kwangu.

Havyarimana alitazama dirisha.
Tulipotoka Makamba usiku, akasema,
babu alituambia tangulieni.
Tulimwacha kitandani, anafunga kamba za viatu.
Kwa hiyo hilo sijui nilijibu vipi.
Labda hajazikwa.

Nafasi ilikuwa mstari mmoja wa nukta.
Niliandika, nikapinda, nikapanda pambizoni,
viatu vikagota kwenye nembo ya serikali.
Wakili akaisoma. Hakucheka.
Hakimu hasomi pambizo, akasema.
Chukua fomu mpya. Hapo weka: hajulikani.
Halafu kachape kiapo, kurasa mbili, tatu, hata tano.
Kwenye kiapo ndiko mtu huenea.

Nilichapa kwa vidole viwili
mpaka adhana ya alasiri.

Alhamisi, Shanzu. Dakika nne.
Karani hakuliona faili;
hakimu akaahirisha hadi mwezi ujao.
Neno langu la kwanza mahakamani,
baada ya miaka yote ile ya kukesha na vitabu,
lilikuwa: Samahani, nimekanyaga waya wako.

Nje, juani, Havyarimana aliiulizia ile fomu mbovu.
Nilikuwa nayo mkobani, naona haya kuitupa.
Akaikunja pembe, akaizungusha,
akaijaza njugu za moto, akanipa.
Nitalipa, nikasema.
Kwani kibao chenu kinasemaje?

Nilikula nimesimama.
Chini kabisa, palipobaki chumvi,
neno viatu limelowa mafuta,
linasomeka mpaka upande wa pili.