Konzi ya Mchele

Aizawl, bado giza. Kabla ya kuinjika sufuria
Rohlupuii hutenga konzi moja, fungu la kanisa.

Mwaka ule alipofiwa na Zova aliitoa kwa hesabu,
ngumi imefumbwa,
punje zilizonasa vidoleni akizikung'utia debeni.
"Bwana ameshachukua chake," alinong'ona.

Kisha mkusanyaji akaugua. Nani atapita na gunia?
Akapita yeye, ngazi kwa ngazi, mlima mzima,
akipokea viganja vya watu:
chenye sugu, chenye kutetemeka,
cha mjane mwenzake aliyetoa nusu ya chungu.

Jioni alipiga magoti, maneno yakamkataa.

Siku hizi hatengi konzi. Huchota kwa viganja viwili,
na bintiye akiuliza, "Mama, tutashiba?"
huongeza maji kwenye mboga,
hutwaa gunia.